Amana Iliyokaa Ndani ya Kaseti Ndogo



Katika kabati la vyombo nyumbani kwangu Kitale, mahali ambapo wanawake wengi wa Pwani huweka vikombe vya kahawa na birika za shaba walizorithi kwa mama zao, mimi nimepanga vinasa sauti 11. Vyote ni vidogo. Kikubwa chao hakizidi kiganja changu, na kidogo chao hutoweka kikifumbatwa. Vingine vina rangi ya fedha iliyochujuka, vingine ni vyeusi vyenye mikwaruzo, na kimoja kimefungwa kwa mpira wa nywele kwa sababu kifuniko cha betri kilipotea kabla hakijafika mikononi mwangu. Mgeni akiingia sebuleni huviona kabla ya kuniona mimi. "Dada, mashine zote hizi za nini, nawe una simu inayonasa sauti?" Nimeulizwa hivyo na wakwe, na majirani, na hata wanawake wenzangu tunaokutana darasani msikitini.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikijibu kwa mzaha. Leo napenda kujibu kwa ukweli, kwani naamini kwamba katika nyumba zetu nyingi imo kaseti inayongojea kusikilizwa, na huenda ndani yake mna jambo ambalo ni dhima juu yetu.

Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Mombasa, Mji wa Kale, akahamia Bungoma akiwa kijana kufanya biashara ya vitambaa. Hakuwa wa kwanza kuifuata njia hiyo. Watu wa Pwani walipita sehemu zile na misafara yao tangu karne ya 19, wakitua Mumias katika himaya ya Nabongo, na Uislamu uliopo Mumias hadi leo ni athari ya nyayo zao. Yeye alikuja kwa gari la moshi, akashuka stesheni ya Bungoma na marobota mawili ya kanga na vikoi. Akafungua duka, akaoa, akatuzaa, akajifunza Kibukusu kiasi cha kutaniana na wateja wake.

Wasomaji vijana huenda wasijue duka la namna ile lilikuwa na kazi gani. Kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, mwanamke mwenye fedha kidogo sokoni hakuwa na pa kuziweka. Benki ilikuwa mbali na yenye masharti, na nyumbani fedha hazikai. Basi akina mama waliouza vitunguu na mahindi katika soko la Chwele walikuwa wakipita kwa Baba na kumwachia. "Mzee, nishikie hizi mpaka shule zifunguliwe." Hakuwapa risiti, wala wao hawakuidai. Aliandika katika daftari lake lenye jalada jeusi, kwa hati za Kiarabu, jina la mwenye mali na kiasi, na siku ya kurudisha akapiga mstari.

Kisha sukari ikamshika, na baada ya sukari yakaja macho. Mistari ya daftari ikaanza kupanda na kushuka kama njia ya milimani, mpaka yeye mwenyewe akashindwa kuisoma. Binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi Maskati alipokuja likizo alimletea kinasa sauti kidogo, cha kaseti ndogo sana, akamfundisha vitufe kwa kumshika kidole. Tangu hapo, kila usiku baada ya sala ya Isha, Baba aliketi kitandani akakisogeza mdomoni na kusema hesabu za siku. Sisi watoto wake, ingawa tulikuwa watu wazima, tulicheka. Tulisema Baba anazungumza na kiberiti.

Baba alifariki mwaka 2006. Madeni yaliyokuwa katika daftari yalilipwa, mirathi ikagawanywa kama sheria inavyotaka, duka likafungwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kile kiberiti.

Mwaka 2017 Mama aliamua kurudi Mombasa kukaa na dada yangu. Siku ya kufunga mizigo aliniita chumbani, akanipa kopo la biskuti lililofungwa kwa kitambaa. "Humu yumo baba yako," akasema. "Mimi sina moyo wa kumsikiliza. Wewe una subira." Ndani mlikuwa na kaseti 6, kila moja si kubwa kuliko kipande cha halua, na kile kinasa sauti chenyewe.

Nilipofungua kifuniko cha betri nilikuta ugonjwa ambao leo naujua kama daktari anavyoijua surua. Betri mbili zilikuwa zimeachwa ndani kwa miaka 11. Zilikuwa zimepasuka na kutoa maji yao makali, na maji yale yalikuwa yamekauka yakawa chumvi nyeupe yenye ukingo wa kijani, imetambaa juu ya springi na vibati na kuingia ndani kabisa. Sikujua la kufanya. Nikachukua kisu cha jikoni nikakwangua, springi ikakatika, na kibati kikatoka pamoja na uzi wake. Hivyo kosa la kwanza katika habari hii ni langu mwenyewe.

Nikasema moyoni: si neno, nitanunua kingine. Sikujua kuwa nimeanza safari.

Kinasa sauti cha kwanza nilikipata katika vitu vya mitumba hapa Kitale, kati ya pasi mbovu na rimoti zisizo na televisheni. Kilikuwa kizuri, na mwuzaji aliniapia kuwa ni chenyewe. Nilipofika nyumbani, kaseti ya Baba haikuingia ipasavyo. Ilicheza ndani kama mguu wa mtoto katika kiatu cha baba yake. Ndipo nikaanza kusoma, nami nawapa kwa ufupi nilichokisoma, kwani kitawaokolea fedha. Kaseti ile kubwa tuliyoizoea sote, ya taarabu na ya mawaidha, ilitolewa na kampuni ya Philips ya Uholanzi mwaka 1963. Mwaka 1967 Philips hao hao wakatoa kaseti ndogo ya kunasia maneno ya ofisini. Mwaka 1969 Olympus wa Japani wakatoa yao, ndogo zaidi, yenye urefu wa kama sentimita 5 tu. Hizi mbili za mwisho hufanana kwa mbali kama ndugu wa baba mmoja, lakini hazikai nyumba moja. Mashine ya moja haiisomi nyingine. Kaseti za Baba zilikuwa za aina ya Olympus, na nilichonunua kilikuwa cha aina ya Philips.

Cha pili nilikipata kwa karani mstaafu wa mahakama. Kilikuwa cha aina ninayoitaka, na hakikuwa na kutu. Lakini ndani ya kitundu cha betri paliandikwa UM-4, nami nikazunguka madukani Kitale mchana kutwa nikitaja jina hilo, na kila mwenye duka akanitazama kama niliyetaja dawa ya kizungu. Mmoja aliniletea mawe makubwa ya redio, yale ambayo tuliyajua sote wakati kiwanda cha Eveready kilipokuwa Nakuru, kabla hakijafunga milango mwaka 2014. Mwingine akaleta ya tochi. Ilinichukua majuma mawili kujua kuwa UM-4 ni jina la zamani la Kijapani la betri nyembamba kabisa ya rimoti, ambayo leo huandikwa AAA, na pengine R03 au LR03. UM-3 ni ile ya saa ya ukuta, AA, inayoandikwa pia R6 au LR6. Betri ilikuwapo muda wote katika kila duka nililoingia. Jina lake tu ndilo lililokuwa limekufa.

Nikaitia betri, nikabonyeza, nikasikia mngurumo lakini utepe haukusogea. Ndani ya mashine hizi mna mkanda mwembamba wa mpira unaoizungusha mashine, na mpira ukizeeka huyeyuka ukawa kama lami. Cha pili nacho kikaenda kabatini.

Kuanzia hapo sikununua kwa haja tu. Nakiri kuwa nilinunua pia kwa mapenzi. Nilipenda jinsi vidole vya mtu asiyemjua mtu vilivyolainisha kitufe cha kunasia. Nilinunua kimoja cha kaseti kubwa, chembamba cha kutia mfukoni, kwa sababu ya betri yake ya ajabu: bapa, kama kipande cha chingamu, ya kuchajiwa, yenye volti 1.2. Sikuipata Kitale, wala Bungoma, wala Eldoret. Mpaka leo kimelala kama nilivyokinunua.

Kingine nilikiua kwa ujinga. Niliuziwa betri mbili za kuchajiwa zenye umbo lile lile la AA, nikafurahi kuwa sitanunua betri tena. Sikusoma maandishi yake madogo. Zilikuwa za lithiamu, za tochi kali, na kila moja ina volti 3.7, ilhali betri ya kawaida ina volti 1.5. Mashine iliyotaka volti 3 ikapewa zaidi ya 7. Ilizunguka kwa kasi, ikatoa harufu kama ya nywele zilizoungua, ikanyamaza. Tangu siku hiyo, wenzangu, sitii betri mahali popote kwa kutazama umbo. Umbo likiafikiana, nasoma volti. Volti ikiafikiana, natazama upande wa kujumlisha na upande wa kutoa. Ndipo natia.

Mwaka 2019 mtu aliniambia kuwa katika mji wa Bungoma, karibu na stendi, yupo fundi kijana anayetengeneza redio za zamani. Nikapanda matatu ya asubuhi, tukapita Kiminini, Kamukuywa na Webuye, mimi nimekumbatia kopo la biskuti kama aliyebeba mayai. Kurudi Bungoma si jambo jepesi kwangu. Mahali palipokuwa duka la Baba leo panauzwa simu.

Fundi alikuwa na umri wa mwanangu wa pili. Alivitazama vinasa sauti vinne nilivyomletea, akavipanga mezani, akatikisa kichwa. "Mama, kila kimoja kina kiungo kinachokosekana kwa mwenzake," akasema. "Niachie, nitatengeneza kimoja kutokana na vyote." Akanionyesha namna ya kuusafisha ugonjwa ule wa betri: pamba iliyochovywa katika siki kidogo, kwa sababu maji ya betri za alkali huvunjwa na uchachu, baada ya hapo pamba yenye spiriti, kisha kukausha vizuri, na mikono iwe na glavu, kwa maana maji yale huunguza ngozi. Akanifundisha pia kuwa, ukikosa betri ya AA, ile ndogo ya AAA hutoa volti zile zile. Ni fupi tu kwa milimita 6, na sarafu chache huliziba pengo lililobaki, ukiizungushia karatasi isichezecheze. Nilimpa shilingi kutoka mkobani, naye akazipanga mbele ya betri, na taa nyekundu ikawaka. Nilifurahi kama niliyeona mwezi wa Idi.

Majuma mawili baadaye alinipigia simu, nikarudi. Mashine ilikuwa na mwili wa moja, moyo wa nyingine na mkanda wa mpira wa tatu. Tukatia kaseti ya kwanza.

Sitajaribu kuwaeleza sana. Kwanza palisikika upepo, kisha kikohozi. Kikohozi kile ningekitambua katikati ya soko. Kisha Baba akasema Bismillahi, akataja tarehe, akaanza: fulani kalipa mia mbili, fulani kachukua doti moja ya kanga, atalipa Ijumaa. Nyuma yake alisikika Mama akigombana na paka. Yule fundi aliinuka akatoka nje, akaniacha peke yangu na baba yangu katika kibanda kile kinachonuka risasi ya kuunganishia nyaya. Mwenyezi Mungu amlipe kwa adabu yake.

Kaseti tano zilikuwa hivyo: hesabu, na mara chache jambo la nyumbani. Kila deni lililotajwa nilililinganisha na lile daftari jeusi na yale tuliyolipa mwaka 2006, na yote yalikuwa yamekwisha. Nilianza kuhisi kuwa kazi imekamilika.

Kaseti ya sita, aliyoinasa mwezi wake wa mwisho, haikuwa sauti ya mtu. Ilianza kama Baba anayesema kwa haraka, ikapanda ikawa ya mtoto, na mwishoni ikawa kama ndege anayelia mtini. Nilihuzunika nikidhani utepe umeharibika kwa unyevu, kwani Kitale ni nchi ya mvua na baridi, na ukungu huota hata juu ya viatu. Fundi akabadilisha kitufe cha mwendo, kwa kuwa mashine hizi zina mwendo wa aina mbili: utepe hupita kwa sentimita 2.4 kwa sekunde, au nusu yake ili kaseti idumu mara mbili. Kwa mwendo wa nusu, Baba akawa jitu linalonguruma, asieleweke kabisa. Ukweli ulikuwa mahali fulani kati ya hizo mbili.

Kijana yule alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza, "Mama, mzee alikuwa anabadilisha betri mara kwa mara?"

Nikakumbuka. Mwezi ule wa mwisho Baba alikuwa kitandani. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, kile kidude kimechoka," nami nilidhani anazungumza kama wanavyozungumza wagonjwa. Hakuna aliyemnunulia betri.

Fundi akanieleza, na maelezo yake yalikuwa sahihi. Betri zinapokufa, mashine huzunguka polepole. Anayenasa sauti hajui. Yeye anazungumza kama kawaida, lakini utepe unapita kwa kujikokota. Ukija kuusikiliza kwa betri mpya zenye nguvu, utepe unakimbia, na maneno yanakimbia nao. Baba alinasa maneno yake ya mwisho huku betri zikifa, na kwa kadiri zilivyokufa ndivyo sauti yake ilivyozidi kuwa ya ndege. Ili kumsikia alivyokuwa, ilitupasa tumsikilize kwa betri zilizochoka kama zilivyochoka zile zake.

Nilikuwa nimetafuta kwa miaka miwili betri zinazofaa, nikidhani zinazofaa ni zile mpya.

Tukaanza kutafuta betri mbovu. Fundi alitoa za rimoti yake, zikawa zina nguvu mno. Jirani yake mwenye kinyozi akatupa zilizokuwa zimeanikwa juani juu ya bati, kama tulivyozoea sote kuzianika utotoni ili zipate uhai wa mwisho. Hizo zilikuwa zimekufa kabisa. Mwishowe akaishusha saa ya ukuta iliyokuwa juu ya kichwa chake, akaichomoa betri yake, na nyingine akaipata katika saa ya hoteli ya jirani. Saa huhitaji nguvu kidogo sana, akasema, na betri inayoendesha saa vizuri huweza kuwa imebakiwa na pumzi chache tu. Akazitia. Utepe ukaanza kutambaa.

Na Baba akazungumza. Kwa sauti yake mwenyewe, nzito, yenye kituo baada ya kila maneno mawili. Akasema kwamba mjane mmoja wa Chwele, ambaye jina lake nalihifadhi, alimwachia shilingi 18,000 kabla ya mvua za masika, za kumsomesha mjukuu wake. Kwamba fedha hizo amezitumia kununulia dawa, akikusudia kuzirudisha vitakapouzwa vitambaa vya Idi. Na kwamba yeyote atakayesikia maneno haya katika watoto wake amtoe kifungoni. Hayo ndiyo aliyoyasema: amtoe kifungoni. Kisha betri za saa zikaisha na kila kitu kikanyamaza.

Nililisikiliza jambo hilo mara tatu zaidi kwa betri nyingine tulizoziokota, na baadaye mpwa wangu akalipunguza mwendo kwa kompyuta ili kuhakikisha tarakimu. Ilikuwa elfu kumi na nane, bila shaka yoyote.

Sasa ilibaki kuwaambia ndugu zangu. Kaka yangu mkubwa, ambaye namheshimu kama baba, hakupendezwa. "Mirathi imegawanywa miaka 13 iliyopita," akasema. "Mwanamke mwenyewe hakudai. Pengine alilipwa. Pengine amekufa." Sikumjibu kwa ukali, kwani najua hakuzungumza kwa tamaa, alizungumza kwa uchungu wa kumsikia Baba akikiri kutumia amana ya mtu. Sote tulimjua Baba kuwa mwaminifu, na maneno yale yaliuma. Nikamwambia tu, "Kaka, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya 282 ya Suratul Baqara, nayo inahusu kuandika deni. Baba hakuweza kuandika. Hii ndiyo hati yake." Sote tuliosoma chuoni tunajua kwamba deni la marehemu hutangulia kabla mrithi hajapata chake, maana yake ni kuwa kila mmoja wetu alikuwa amekula sehemu ya mali isiyo yake, bila kujua. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu aliniletea kaseti ile mwenyewe, akaniambia, "Tutakwenda pamoja. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa kumnunulia betri."

Tulikwenda Chwele siku ya soko. Hatukuchukua muda kumpata. Alikuwa ameketi barazani kwake akichambua maharagwe, kikongwe mdogo mwenye macho makali. Kaka akamwamkia "Mulembe, kukhu," kama Baba alivyotufundisha. Tukamweleza, tukamwekea bahasha mapajani. Tulikuwa tumeongeza kitu juu yake kwa hiari yetu, si kwa sharti, kwa sababu shilingi 18,000 za mwaka 2006 hazikuwa tena na thamani ile. Hakuifungua. Aliuliza kwanza kama Baba alikufa kwa maumivu.

Kisha akasema kuwa alipita dukani mara moja baada ya mazishi, akawakuta wanaume wanahesabu vitu, akaona haya kudai bila karatasi. Mjukuu alichelewa shule mwaka mmoja, kisha mjomba wake akamlipia. "Lakini sikumchukia," akasema. "Nilijua mzee angesema. Sikujua tu kwamba angechukua muda." Akacheka kwa fizi. Kaka yangu aliinamisha uso. Tukamwomba amsamehe Baba, naye akamsamehe kwa kinywa chake, mbele ya majirani wawili.

Hiyo ndiyo sababu ya kabati langu. Fundi wa Bungoma na mimi tumekuwa kama jamaa. Mashine ikikosa kiungo humpelekea, na betri mbovu za saa kila mtu huniwekea. Wanawake wa mtaani nao wameanza kuniletea kaseti zao: barua za sauti walizotumiwa na waume zao waliokuwa Jeddah na Maskati, nyimbo za harusi, maulidi, wosia wa bibi. Hunywa chai wakasikiliza, mwingine hucheka, mwingine hulia, kisha tunainasa upya kwa simu ili isipotee. Hapa Kitale tuna Jumba la Makumbusho lililotokana na mkusanyo wa mtu mmoja, mlowezi Stoneham, aliyekusanya wadudu, ndege na vitabu, na leo wanafunzi wa shule hupanga foleni kuviona. Mimi sina jumba, wala sitaki. Nataka tu mashine moja iwe hai kwa kila aina ya kaseti itakayobishiwa mlango wangu.

Wenzangu, nawaombeni mambo matatu. Kwanza, nendeni leo mkafungue kila kidude kilicholala droo, mkatoe betri zake. Betri haina adabu ya kungoja. Pili, kaseti msizoweza kuzisikiliza msizitupe. Wekeni mahali pakavu, mbali na joto na spika, na hasa kwa sisi wa Pwani, mbali na upepo wa chumvi. Tatu, mzee wenu akisema kuwa kidude chake kimechoka, mnunulieni betri. Zinauzwa kila duka. Sisi hatukununua, na kwa ajili ya betri mbili, mtu alikaa na dhima yake miaka 13.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, awatoe katika madeni yao na atutoe sisi katika yetu. Amin.